Akitoka Anakwenda Wapi? Unyonge na Ugeni wa Mwanamke katika Fasihi

Aliyesoma Kiswahili hadi kidato cha sita hawezi kuwa hajakutana na swali la "nafasi ya mwanamke". Unapewa riwaya mbili, unatakiwa uonyeshe jinsi mwanamke alivyochorwa, na majibu unayo kabla hujafungua kitabu: mwanamke amechorwa kama mlezi wa familia, kama chombo cha starehe, kama mtu jasiri, kama kiumbe dhaifu asiye na maamuzi. Hoja, mfano, hoja, mfano, alama zinaingia. Orodha hiyo haisemi uongo. Tatizo lake ni kwamba inayachukua mambo aliyotendewa mwanamke na kuyageuza kuwa tabia yake. Msichana aliyefungiwa ndani anaandikwa "dhaifu", na yule aliyetia komeo hatajwi popote katika hoja hiyo.

Mimi huona fundo hili linafumuka upesi zaidi tukiacha kuuliza mwanamke yukoje, tukauliza ana nini mkononi, neno lake linapokewa na nani, na akitoka nje ya nyumba ile anakwenda wapi. Swali la mwisho nimeliazima. Aliliuliza Lu Xun, mwandishi wa China, tarehe 26 Desemba 1923, mbele ya wanafunzi wa kike wa chuo cha ualimu mjini Beijing. Mhadhara wake uliitwa, kwa maana yake, "Nora akishaondoka, nini kinafuata?"

Nora ni mke katika tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norway, Et dukkehjem, iliyochezwa mara ya kwanza Copenhagen mnamo Desemba 1879. Mumewe aliugua, madaktari wakashauri apelekwe kwenye joto, na Nora akakopa fedha za safari. Kwa sheria ya wakati ule mke hakuweza kukopa bila idhini ya mume, naye hakutaka mume ajue. Akaghushi saini ya baba yake kama mdhamini. Siri ilipofichuka, mume aliyeokolewa maisha kwa fedha hizo alimwita mhalifu asiyefaa kulea watoto. Hatari ilipopita akataka mambo yarudi kama zamani. Nora akachukua mkoba wake, akatoka, na mlango ukasikika ukifungwa.

Ulaya nzima ilibishana kuhusu mlango huo. Huko Ujerumani mwigizaji aliyepangiwa kuwa Nora alikataa mwisho ule, akisema yeye hangewaacha watoto wake kamwe, na Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine ambamo Nora anawatazama watoto na kuishiwa nguvu ya kuondoka. Mwenyewe aliuita unyama. Kisa chenyewe hakukitoa hewani. Mwandishi Laura Kieler, aliyefahamiana naye, alikopa fedha kwa siri ili mumewe atibiwe kifua kikuu. Mambo yalipomwelemea akajaribu kughushi hundi, na mume alipogundua akampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Baadaye alirudi kwa mume huyohuyo. Nora wa jukwaani alitoka. Nora wa kweli hakuwa na pa kwenda.

Lu Xun aliliona hilo bila kupepesa. Aliwaambia wale wasichana kwamba Nora ana njia mbili tu: kuharibikiwa au kurudi. Ya tatu ni kufa njaa, nayo si njia. Kilichokosekana kwenye ule mkoba wake ni fedha. Uhuru, alisema, haununuliwi kwa fedha, lakini unaweza kuuzwa kwa ajili ya fedha.

Wakati Ibsen anaandika, fasihi ya Ulaya tayari ilikuwa na wanawake wengi waliokufa kwa kukosa mlango. Emma, mhusika wa Madame Bovary, riwaya ya Mfaransa Gustave Flaubert, ndiye anayesomwa vibaya kuliko wote. Anachukuliwa kuwa mke mpumbavu aliyelewa riwaya za mapenzi, akazini, akatapanya mali, akanywa sumu. Hayo yote yamo. Lakini riwaya ilitoka mwaka 1856, na talaka ilikuwa imefutwa katika sheria za Ufaransa tangu 1816; ilirudishwa mwaka 1884. Maana yake Emma hakuwa na njia halali ya kuiacha ndoa, hata angekuwa na busara ya Lukmani. Alipokuwa mjamzito aliomba mtoto awe wa kiume, kwa hoja kwamba mwanamume angalau yuko huru. Akazaa binti, na binti huyo, Berthe, baada ya wazazi kufa anaishia kibarua katika kiwanda cha pamba. Serikali ilimshitaki Flaubert kwa kuchafua maadili, akaachiwa mwaka 1857. Sentensi ile ya kiwanda cha pamba, iliyo kali kuliko vitanda vyote vya kitabu hicho, nadhani haikumkera mtu.

Hapo ndipo ulipo unyonge ninaouzungumzia: ni mahali mtu alipowekwa na sheria, mila na mfuko mtupu, kiasi kwamba pigo dogo linampata vibaya, na moyo wake haujaulizwa chochote. Ugeni ni jambo jingine, ingawa mara nyingi huja baadaye na kupiga kambi palepale. Mtu anaishi kati ya watu, anapika nao, anazaa nao, na bado hakuna mahali anapohesabiwa kuwa wa pale.

Sijui hadithi inayoonyesha vizuri zaidi jinsi la kwanza linavyozaa la pili kuliko ile aliyoitoa Lu Xun miezi michache baada ya mhadhara wake, "Zhufu", ya mwaka 1924. Mhusika wake hana jina. Anaitwa mke wa Xianglin, na Xianglin amekwisha kufa. Anatoroka kwa mama mkwe, anapata kazi za ndani mjini, anafanya kazi kama punda na anaanza kunenepa na kutabasamu. Mama mkwe anakuja kumkamata, ujira wake wote unachukuliwa, naye anauzwa kwa mwanamume wa milimani ili mahari ipatikane ya kumwozea shemeji. Siku ya harusi anajipigiza kichwa mezani hadi damu. Kisha, maisha yalivyo ya ajabu, anatulia, anapata mtoto wa kiume. Mume anakufa kwa homa, mtoto analiwa na mbwa mwitu, shemeji anaichukua nyumba. Anarudi kwa tajiri wake wa zamani.

Sasa anaanza kusimulia. Kila anayekutana naye anamwambia jinsi mtoto alivyokaa kizingitini akimenya kunde, jinsi alivyomwita asiitikiwe. Mara ya kwanza wanawake wa mji wanalia naye, na wengine wanatoka mbali kuja kumsikia. Baada ya muda wanaikariri hadithi, wanamkatiza kwa kumaliza sentensi yake, halafu wanaondoka. Katika nyumba ya tajiri haruhusiwi kugusa vyombo vya matambiko kwa sababu ni mjane wa wanaume wawili. Anaambiwa kuwa ahera waume hao watamgombania na atakatwa vipande viwili, na kwamba dawa ni kutoa kizingiti hekaluni ili kikanyagwe na watu badala yake. Anaweka akiba ya karibu mwaka mzima, analipia kizingiti, anarudi amejaa furaha, ananyoosha mkono kuchukua vyombo. Anaambiwa aviache. Baada ya hapo anakuwa ombaomba, na anakufa mwaka mpya ukiingia, huku tajiri akinung'unika kwamba amechagua siku mbaya.

Umaskini wake ungetibika kwa mshahara. Ile "viache" haitibiki kwa mshahara, maana fedha alikuwa nazo na alikwisha zitoa. Kwa hiyo Lu Xun, akiwa mtunzi, alifika mbele kidogo kuliko Lu Xun wa mhadhara.

Wanaotoka na kunusurika wapo, na mara nyingi huandika barua. Mwaka 1914 Rabindranath Tagore, mwandishi wa India, alichapisha kwa Kibengali hadithi fupi, "Streer Patra", barua ya mke kwa mume. Mrinal ameolewa miaka kumi na mitano katika familia ya Kolkata. Anatunga mashairi kwa siri na hakuna anayejua. Yatima aitwaye Bindu anakimbilia kwake. Familia inamwoza Bindu kwa mwendawazimu. Bindu anajichoma moto, na watu wa mjini wanalalamika kwamba siku hizi kujichoma imekuwa mtindo kwa wasichana. Mrinal anakwenda kuhiji Puri, ufukweni, na kutoka huko anaandika kwamba harudi tena. Atakula nini, Tagore hasemi. Lu Xun angemuuliza.

Mariama Bâ wa Senegal analijibu. Riwaya yake Une si longue lettre, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Barua Ndefu Kama Hii, ilitoka 1979 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma ya vitabu vilivyochapishwa Afrika, ya kwanza kabisa kutolewa. Ramatoulaye, mwalimu na mama wa watoto kumi na wawili, yuko edani. Katika miezi ile minne na siku kumi anamwandikia rafiki yake Aissatou. Mume wake Modou alioa rafiki wa binti yao, na habari hakuileta mwenyewe: walikuja imamu, kaka wa mume na rafiki wa familia, wakakaa sebuleni na kuanza kwa mafumbo ya kumshukuru Mungu, harusi ikiwa imeshafungwa. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa ule ujumbe wa watu watatu na kanzu zao.

Aissatou, yalipomkuta yaleyale, aliondoka na wanawe wanne. Alisoma, akawa mkalimani, akaajiriwa katika ubalozi wa nchi yake Marekani, na kutoka kwenye mshahara wake akamnunulia rafiki yake gari, Fiat, baada ya kusikia jinsi alivyokuwa akihangaika na mabasi. Elimu, cheti, mshahara, gari: hesabu ya Lu Xun inatimia barabara.

Lakini Ramatoulaye, mwenye cheti na mshahara vilevile, alibaki. Hapa wasomaji wengi, hasa waliolelewa kwa kipimo cha Nora, humwita dhaifu. Siwaungi mkono. Huyu ndiye aliyemkatalia kaka wa marehemu aliyekuja kumrithi kabla eda haijaisha, akamwambia mbele ya watu yale aliyoyanyamazia miaka thelathini. Akamkataa pia mchumba mwenye mali aliyempenda kweli, kwa kuwa alikuwa na mke wake. Hakuondoka kwa sababu aliiona nyumba ile kuwa yake, dini ile yake, watoto wale wake, na aliyestahili kuondoka ni mwingine. Kubaki na kutoka haviwezi kusomwa bila kujua mtu anabaki na nini na anatoka kwenda wapi.

Kuna ugeni mwingine ambao Ulaya ya Ibsen isingeufikiria, ule wa kuwa na watu tele. Flora Nwapa wa Nigeria, katika Efuru ya mwaka 1966, anamaliza kwa swali kuhusu mungu wa ziwa, Uhamiri: ana uzuri na utajiri lakini hajawahi kuonja raha ya uzazi, basi kwa nini wanawake wanamwabudu? Miaka kumi na mitatu baadaye Buchi Emecheta, naye wa Nigeria, alichukua maneno yale ya raha ya uzazi akayafanya jina la riwaya, The Joys of Motherhood. Nnu Ego anataka kujitupa kutoka daraja la Carter, Lagos, mtoto wake wa kwanza alipokufa, kwani bila mtoto yeye si mtu. Baadaye anazaa wengi, anauza viberiti na kuni ili wasome, vijana wanakwenda Marekani na Kanada. Anafia kando ya njia, peke yake, hana hata rafiki, maana kazi ya kulea haikumwachia muda wa kutafuta marafiki. Watoto wanamfanyia mazishi ya fahari. Emecheta anaongeza jambo moja la kuchekesha na kutisha: watu wakienda kumwomba marehemu awape watoto, hajibu.

Sasa tuje pwani yetu, kwa Mwana Kupona binti Msham, na hapa nitakaa kidogo. Utendi wake wa mwaka 1858, aliomtungia bintiye Mwana Hashima, husomwa ama kama hazina ya maadili ama kama katiba ya utumwa wa ndoa. Beti za kumtii mume zinajulikana: radhi tano, za Mungu, Mtume, baba, mama, na ya tano ya mume. Lakini tazama nani anasema, na lini. Ni mjane. Mumewe Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepigana na sultani wa Zanzibar kwa miaka, amekufa. Yeye mwenyewe ni mgonjwa, mwaka umetimu yuko kitandani, na anajua hatapona. Alikufa miaka michache baadaye. Binti atabaki bila baba, bila mama. Fedha za kumwachia zingeweza kuchukuliwa na mtu yeyote. Anachomwachia ni elimu ya kuishi katika nyumba ya mwenye nguvu.

Na elimu hiyo ina makali yake. Kuhusu mume anasema:

mtunde kama kijana
asiyoyua kunena
kitu changalie sana
kitokacho na kungia

Mtunze kama mtoto asiyejua kusema, na uangalie sana kinachotoka na kinachoingia. Bwana mkubwa amekuwa kitoto cha kunyonya, na ufunguo wa ghala uko kwa mke. Simwiti Mwana Kupona mwanaharakati, angenishangaa. Nasema alijua vizuri ukuta uko wapi na uwazi uko wapi. Alipofika kwenye kujitambulisha, hakuanza na ukoo wala cheo:

na mwenye kutunga nudhumu
ni gharibu mwenye hamu

Mgeni mwenye huzuni. Mke wa mtawala, kwao, kitandani kwake.

Miaka minane baadaye, 1866, Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alitoroka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Alibatizwa Emily, wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mume alikufa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Utotoni alijifundisha kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za Kurani, kwa kuwa binti wa kasri alifundishwa kusoma tu. Kalamu hiyo ya wizi ndiyo iliyompa kitabu cha kumbukumbu zake, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Mwaka mmoja kabla alikuwa amerudi Unguja na meli za kivita za Ujerumani, Kansela Bismarck akimtumia kama karata dhidi ya kaka yake, Sultani Barghash. Kaka alikataa kumwona, urithi hakuupata. Alikuwa na elimu, alikuwa na jina, alithubutu kutoka. Kila upande ulimhesabu wa upande mwingine.

Nyimbo pia ni fasihi. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, aliimba kisa cha Kijiti: mgeni wa kike kutoka Dar es Salaam anauawa Unguja, muuaji anavuka bahari, na wanawake waliokwenda kushitaki ndio wanaofungwa, kwa kosa la pombe iliyonywewa siku ile. Neno la mwanamke lilipokewa na mahakama, likageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Riwaya zetu za baada ya uhuru zilirudi kwenye komeo la mlango. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Zakaria anamchapa bintiye kwa barua ya mvulana na kumchunga kama mfungwa. Rosa anapofika shuleni, mbali na fimbo, hana hata kipimo kimoja cha kujiongozea. Anaishia kujiua. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa kuwa kilisema ngono waziwazi, kisha kikaja kuwa kitabu cha kiada. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Maimuna naye anafungiwa, naye anatoroka, na mlango wa kwanza anaoukuta wazi ni wa danguro la Mama Jeni. Kuharibikiwa au kurudi: kana kwamba Lu Xun alikuwa ameisoma. Wanafunzi huambiwa funzo ni malezi mabaya. Sawa, lakini danguro lina wateja, na wateja wengine ni walewale wanaofungia mabinti zao nyumbani.

Kuna wanaodai kwamba waandishi wa kiume huwaua mashujaa wao wa kike na waandishi wa kike huwaacha hai. Hesabu haikubali. Emma na Rosa wamekufa mikononi mwa wanaume. Maimuna na Mrinal wameishi mikononi mwa wanaume. Emecheta amemfisha Nnu Ego njiani. Kinachotofautiana zaidi ni nani anaruhusiwa kusimulia. Han Kang wa Korea Kusini, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2024, alilitumia hilo kama silaha katika riwaya yake ya 2007 ijulikanayo kwa Kiingereza kama The Vegetarian. Yeong-hye anaacha kula nyama. Ni hilo tu. Baba yake anampiga kofi mbele ya ndugu na kumsokomeza nyama mdomoni. Riwaya ina sehemu tatu, na zote zinamtazama kwa macho ya wengine: mume, shemeji, dada. Yeye ana vipande vifupi tu vya ndoto. Tunajua kila mtu alimwonaje. Alichokuwa akitaka tunakisia, kama familia yake.

Wahakiki wengi humaliza na Yeong-hye. Mimi huyu dada mtu, In-hye, ndiye ananisumbua. Ana duka lake la vipodozi, fedha zake, akili zake timamu. Kwa hesabu ya Beijing ya 1923 ana kila alichokosa Nora. Mume amemsaliti na kutoweka, wazazi wamejitoa, na yeye ndiye anayelipa hospitali, anayelea mtoto, anayebembeleza mgonjwa asiyetaka kula, kwa sababu tangu utotoni alizoea kuwa mtu wa kutegemewa. Mlango wa In-hye haujafungwa na mtu yeyote, wala hatoki.